Kawasaki, soriasisi na moyo wa mtoto: maswali ninayoulizwa sana hapa Amu (Lamu)

Mimi si daktari. Ni mama wa mtoto wa kiume aliyeugua Kawasaki akiwa na miaka mitatu na nusu, ilhali ngozi yake ilikuwa na soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka ya magamba, tangu kabla ya hapo bila sisi kuijua kwa jina. Tangu turudi kutoka Mombasa, alikotibiwa, sipiti mtaa wa Langoni bila kusimamishwa. Huyu mwanawe ana homa, yule mwanawe anabambuka vidole, mwingine ametumwa na jirani aje kuuliza. Nimechoka kurekodi sauti zilezile kwenye WhatsApp, nikaona bora niandike. Dozi nizitajazo ni za kukusaidia kufuata anachosema daktari. Si za kujitibia nyumbani.

Kawasaki? Si pikipiki hiyo?

Ndivyo alivyodhani mume wangu. Daktari aliposema "tunashuku Kawasaki", yeye akaapa kwamba mtoto hajagongwa na pikipiki yoyote. Ugonjwa umeitwa kwa jina la daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyemwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961, na mwaka 1967 akachapisha habari za watoto 50. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu kuvimba mwilini, ambao madaktari huuita vaskulitisi. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, wavulana kuliko wasichana. Japani ndiko unakoonekana zaidi, lakini huwapata watoto wa kila taifa.

Chanzo chake hakijajulikana. Hauambukizi. Watoto wa nyumbani kwangu walilala mkeka mmoja na mgonjwa wiki nzima na hakuna aliyeupata.

Nitautambuaje?

Anza kuhesabu siku za homa. Homa ya Kawasaki ni kali, nyuzi 39 na kupanda, parasetamoli huishusha kidogo kisha inarudi, na hudumu siku tano au zaidi. Juu ya homa hiyo daktari hutafuta mambo matano, na akiyapata manne anakuwa na jibu. Dalili zikiwa wazi kabisa, daktari mzoefu anaweza kuamua hata siku ya nne.

Macho yote mawili huwa mekundu, lakini hayatoi tongo. Hili la tongo ni muhimu, kwa sababu macho ya kawaida ya kuambukizana hapa kwetu humfanya mtoto aamke kope zimegandana. Midomo hukauka, ikapasuka na kuiva, na ulimi huwa mwekundu wenye vipele vidogo. Madaktari huufananisha na tunda la stroberi. Mimi nilidhani mwanangu amelishwa mabuyu na dada zake, nikamsukutua kinywa mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, rangi ikabaki vilevile. Viganja na nyayo huvimba na kuwa vyekundu. Upele hutokea mwilini, na hauna sura moja. Tezi ya shingo huvimba, kwa kawaida upande mmoja, ikazidi sentimita moja na nusu.

Ipo ishara nyingine ambayo haimo katika hayo matano lakini kwetu ina thamani kubwa: alama ya chanjo ya BCG. Watoto wa Kenya huchanjwa BCG mkono wa kushoto wakizaliwa. Katika Kawasaki, kovu lile linaweza kuamka ghafla, likawa jekundu, likavimba, hata likafanya gamba. La mwanangu lilikuwa limelala kwa miaka mitatu. Siku ya tano ya homa lilikuwa kama limechanjwa jana.

Dalili hazitokei zote siku moja. Macho yanaweza kuwa yamepoa ndipo vidole vianze. Ndiyo maana ninawaambia wenzangu wapige picha kwa simu kila siku, na kila picha iwe na tarehe.

Na mtoto mchanga?

Hapo pana hatari zaidi. Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kuwa na homa tu na jambo moja au mawili, na bado mishipa ya moyo wake ikawa inaharibika. Homa ya siku saba isiyo na sababu kwa mtoto wa umri huo inatosha kuomba moyo utazamwe.

Kwa nini wewe ulichelewa kujua?

Kwa sababu ya ngozi. Swali hili linaniuma, lakini ndilo lililonifanya niandike.

Mwanangu alikuwa na mabaka ya magamba tangu apate miaka miwili: viwiko, nyuma ya masikio, na kichwani karibu na kisogo. Tulipita nayo majina yote. Mara ni choa, mara ni punye, mara ni mba. Krimu za fangasi tulinunua hadi muuza dawa akawa ananisalimu kwa jina. Kwa hiyo homa ilipoingia na vipele vikatoka, kila mtu aliangalia kile alichokwisha kukizoea.

Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, walimpima malaria, haipo. Wakampa dawa ya maji ya kuua bakteria. Siku ya tatu tulirudi, sasa ana upele kifuani na kwenye kinena. Aliyetuhudumia akamgeuza viwiko, akaona yale magamba, akasema, "Huyu ni mtoto wa ngozi, mama," akaandika krimu nyingine. Homa haikuingia hata kwenye kitabu cha kliniki. Nami nilimshukuru na kuondoka, kwa maana nilitaka sana iwe ni ngozi tu.

Siku ya sita nyanya yake alimpakata barazani kwenye mwanga, akamtazama akasema, "Mwana huyu mato yake ni mekundu, na tongo hana." Alikuwa amelea wajukuu kumi na mmoja na hakuwahi kuona hivyo. Tukampeleka hospitali ya King Fahd, hapa Amu, siku ileile. Daktari kijana aliyetupokea hakuanza na viwiko. Alihesabu siku za homa kwa vidole vyake, akakunja mkono wa kushoto wa kanzu ya mtoto, akaona ile alama ya BCG, akanyamaza kidogo. Kisha ndipo akatuambia habari ya moyo.

Vitabu vingi huandika "upele mwekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane. Utaona weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, au hutaona kitu ila ukipitisha kiganja utahisi ngozi imekwaruza. Angalia kinena na sehemu ya nepi. Huko upele wa Kawasaki hupenda kuzidi, na ngozi hubambuka mapema kuliko vidole.

Soriasisi ni nini, na inatofautiana vipi na choa au pumu ya ngozi?

Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huifanya ngozi izalishe seli mpya haraka kupita kiasi, zikarundikana. Baka lake ni nene, mipaka yake inaonekana, na juu lina magamba meupe kama fedha. Hupenda viwiko, magoti, kichwa na nyuma ya masikio. Kwa watoto pia uso na mikunjo ya mwili. Choa huwa na duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamepoa, na husikia dawa ya fangasi. Pumu ya ngozi huwasha mno, hukaa zaidi kwa ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, na mtoto hujikuna usiku kucha. Soriasisi nayo haiambukizi. Nimelazimika kulisema hili kwa mwalimu wa chuo cha Kurani mara mbili.

Je, soriasisi ndiyo iliyoleta Kawasaki? Au kinyume chake?

Hapana kwa la kwanza. Mamilioni ya watu wana soriasisi na hawajapata kamwe Kawasaki.

Kwa la pili, uhusiano upo lakini si wa mama na mtoto. Madaktari wameandika juu ya watoto ambao mabaka ya soriasisi yaliwatokea katikati ya Kawasaki au wiki chache baada yake, na kwa wengi wao mabaka hayo yaliisha kwa dawa za kupaka. Magonjwa yote mawili yanatokana na kinga iliyowaka kupita kiasi, na baadhi ya kemikali za mwili zinazowasha moto huo ni zilezile. Moja ya hizo huitwa TNF. Ndiyo maana kuna dawa, infliksimabu, ambayo hutumika kwa soriasisi kali na pia kwa Kawasaki iliyokataa tiba ya kwanza. Na kwa ajabu ya dawa hiyo, kuna wagonjwa ambao kwao yenyewe huamsha mabaka ya soriasisi.

Mwanangu alikuwa nayo kabla. Kawasaki ilipokuja, mabaka yakaenea hadi magotini na kinenani.

Wengine huniuliza kama magamba yakizidi ndiyo ishara kwamba moyo umezidi. La. Ngozi haipimi moyo. Nimemwona mtoto wodini ambaye ngozi yake ilikuwa safi kama karatasi na mishipa yake ya moyo imefura kuliko ya mwanangu.

Moyo unaguswa vipi hasa?

Moyo nao unahitaji damu yake, na huipata kupitia mishipa midogo inayouzunguka kwa juu, mishipa ya koronari. Kawasaki huipenda hiyo. Ukuta wa mshipa ukivimba unalegea, na damu inayopita kwa nguvu inausukuma hadi unafura kama sehemu dhaifu ya mpira wa baiskeli. Sehemu hiyo iliyofura huitwa anyurizimu. Ndani yake damu hupita polepole, na damu inayopita polepole huganda. Donge likiziba mshipa, kipande cha moyo kinakosa damu: mtoto mdogo anapata shambulio la moyo kama mzee.

Bila tiba, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hupata madhara haya. Akitibiwa ndani ya siku kumi za mwanzo wa homa, hatari hushuka hadi karibu watoto wanne kwa mia. Zisome tena hizo tarakimu, kisha utaelewa kwa nini naimba habari ya kuhesabu siku.

Mishipa si yote. Katika siku za homa msuli wa moyo wenyewe unaweza kuvimba, maji yakajaa kwenye kifuko kinachouzunguka, au vali ikavuja. Mwanangu alikuwa na maji kidogo, yakakauka yenyewe. Wachache presha yao huanguka kabisa wakaingia chumba cha wagonjwa mahututi.

Jambo lililonitisha kuliko yote nililielewa baadaye: homa ikishuka, hatari ya kuganda ndiyo inapanda. Wiki ya pili na ya tatu chembe za damu zinazogandisha huongezeka mno, wakati mtoto tayari anacheza na kula, na mama anafikiri mambo yamekwisha.

Eko ni nini? Inauma?

Haiumi. Ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kama ile ya mimba. Wanapaka jeli baridi kifuani, wanazungusha kifaa, na mtoto akipewa simu yenye katuni hajui kinachoendelea. Shida ni kumlaza tuli nusu saa.

Picha ya kwanza hupigwa ugonjwa unapotambuliwa, nyingine baada ya wiki moja au mbili, nyingine wiki ya nne hadi ya sita. Picha ya kwanza ikiwa safi usishangilie ukakosa ya pili. Ya mwanangu ya kwanza, siku ya nane, mshipa wa kushoto unaoshuka mbele ya moyo ulikuwa milimita 3. Siku kumi baadaye ulikuwa milimita 4, na mtoto wa umbo lake huwa na mshipa wa karibu milimita 2.

Madaktari hawaishii kwenye milimita, kwa sababu mtoto wa kilo 8 na wa kilo 30 hawawezi kulinganishwa. Hupiga hesabu kwa umbo la mwili na kupata alama wanayoiita Z. Chini ya 2 ni kawaida. Kuanzia 2.5 hadi chini ya 5 ni anyurizimu ndogo, 5 hadi chini ya 10 ni ya kati, na 10 kwenda juu, au upana wa milimita 8, ni kubwa mno. Yetu ilikuwa ya kati. Uliza Z ya mwanao na uiandike.

Ile dripu ya bei kubwa ni ya nini?

Inaitwa imunoglobulini, wengi husema IVIG. Ni kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa damu ya maelfu ya watu waliojitolea. Ami yake mtoto aliuliza kama ni halali kuingiza kitu cha damu za watu. Maalim wetu alimjibu kabla hajamaliza swali.

Dozi ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, ikidondoka taratibu kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Mwanangu alikuwa na kilo 15, kwa hiyo gramu 30. Chupa tulizopata zilikuwa za gramu 5, basi zikawa sita. Nilizipanga dirishani tupu zilipokwisha, nikazihesabu kama mtu anayehesabu mahari. Wakati ya nne inaingia, mtoto aliomba chai.

Kwa watoto kumi, mmoja au wawili homa hurudi au hubaki saa 36 baada ya dripu kwisha. Hao hupewa dripu ya pili, au steroidi (dawa za kupoza uvimbe), au infliksimabu. Kwa mwenye soriasisi, mkumbushe daktari kabla steroidi za kumeza hazijaanza: zikikatwa ghafla, soriasisi inaweza kulipuka vibaya, hata kwa vipele vya usaha. Hazikatazwi kwa sababu hiyo. Moyo kwanza. Ila zitashushwa polepole.

Nilisikia watoto hawapewi aspirini.

Ulisikia sawa, na Kawasaki ni mojawapo ya mambo machache yanayoruhusu. Kwanza hutolewa dozi kubwa kupoza uvimbe. Homa ikiisha, inashuka hadi miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku, ya kuzuia damu isigande. Asiye na anyurizimu huiacha baada ya wiki sita hadi nane. Mwenye anyurizimu anaendelea.

Sababu ya katazo ni ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo, na hutokea mtoto anapopata mafua ya influenza au tetekuwanga huku anakunywa aspirini. Kwa hiyo tetekuwanga ikiingia mtaani, mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje mwanao atokwe. Na ibuprofeni usimpe: inaizuia aspirini isifanye kazi yake kwenye damu.

Kwetu pwani kuna jambo jingine, dengue. Inakuja na mvua, nayo inaweza kumtoa mtu damu. Mtoto wa aspirini akipata homa mpya, apimwe malaria na dengue pia, na daktari aamue kuhusu aspirini. Usiisimamishe mwenyewe, usiendelee kimyakimya.

Dawa za ngozi zinagongana na za moyo?

Baadhi, ndiyo, na hapa ndipo madaktari wawili wasiposomana mgonjwa huumia.

Ya kwanza ilinishangaza. Marhamu nyingi za kulainisha magamba zina asidi ya salisiliki. Hiyo ni ndugu wa aspirini. Ukimpaka mtoto mwili mzima inaingia damuni kupitia ngozi, ikajumlishwa na ile anayokunywa. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Mafuta ya kuchua misuli yenye harufu kali mengi yana kitu cha ukoo huohuo.

Ya pili ni upande wa pili: dawa za moyo za jamii ya beta-bloka, ambazo baadhi ya watoto wenye anyurizimu kubwa hupewa, zinajulikana kuchochea soriasisi. Mabaka yakizidi ghafla baada ya dawa mpya ya moyo, sema. Usiikate.

Ya tatu ni methotreksati, dawa ya kumeza ya soriasisi kali. Ikikutana na aspirini mwili unachelewa kuitoa, kwa hiyo damu hupimwa kwa makini. Na infliksimabu hutanguliwa na kipimo cha kifua kikuu.

Mwanangu ametumia krimu laini ya steroidi kwa muda mfupi, mafuta mazito ya kulainisha asubuhi na jioni, na jua kidogo la asubuhi. Mafuta ya nazi ni mazuri, hayana ugomvi na dawa yoyote. Krimu za dukani zinazodai kutibu fangasi, bakteria na mwasho kwa pamoja ziacheni. Nyingi zina steroidi kali, nami nilimpaka mwanangu usoni miezi mitano kwa ujinga.

Vidole vyake vinabambuka. Soriasisi imehamia mikononi?

Wiki ya pili au ya tatu ngozi huanza kuvuka pembeni mwa kucha, ikaenda hadi kiganja, kama ganda la kitunguu. Ni Kawasaki inayoaga. Haiumi, usiivute. Soriasisi ya kucha ni tofauti: kucha hupata vishimo kama zimechomwa sindano.

Ukimwona mtoto anabambuka vidole na nyumbani wanakumbuka homa ya wiki mbili zilizopita ambayo haikupata jina, mpelekeni akapigwe eko.

Wafarini je?

Ni dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ya wenye anyurizimu kubwa mno, pamoja na aspirini. Damu hupimwa mara kwa mara. Mchicha na kisamvu haviharamishwi, ila kiasi kisirukeruke: leo bakuli, wiki nzima hakuna, kesho sufuria.

Chanjo?

Baada ya IVIG, chanjo hai kama ya surua na rubella, na ile ya tetekuwanga, huahirishwa miezi 11, kwa sababu zile kingamwili za watu huizima. Kenya surua na rubella hutolewa miezi 9 na 18, hivyo wengi huangukia hapo. Mwambie nesi, aandike tarehe mpya kwenye kitabu. Surua ikizuka mtaani anaweza kuchanjwa mapema kisha akarudiwa. Nyingine zinaendelea, na ya influenza ni muhimu kwa anayekunywa aspirini.

Tohara na hijama?

Tohara: si wakati yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, mpaka daktari wa moyo aseme. Kama aspirini ni ya wiki nane tu, ngojeni iishe. Kama ni ya muda mrefu, ifanywe hospitali na kwa mpango. Ngariba asikwambie amewatahiri wengi. Hajawatahiri wenye aspirini, au hakujua. Kung'oa jino ni vilevile.

Hijama, hapana.

Ni kijicho?

Nyumba ya watu wengi, maneno hayakosi. Mama mkwe alimsomea, akamnywesha kombe, na sikumzuia. Kombe la maji ya mawaridi halikumdhuru. Lakini alikunywa mkononi mwangu tukiwa tayari kwenye boti ya Mokowe.

Tulijiandaaje kwa safari?

Toka Amu ni boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Ni saa sita saba ukijaliwa. Mwenye uwezo huruka kutoka Manda. Omba barua ya rufaa inayotaja tarehe ambayo homa ilianza, na mpige simu mbele kujua kama dawa ipo, kwa maana unaweza kufika na dawa haipo. Hakikisha mtoto amesajiliwa SHA kabla hujatoka kisiwani na uulize nini kinalipiwa. Bima ile ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kadi ya zamani mkobani haikusaidii. Beba picha za simu. Za mwanangu zilimwonyesha daktari wa Mombasa macho ambayo yeye hakuyakuta.

Anaweza kucheza? Kuogelea? Punda?

Asiye na anyurizimu, wiki sita hadi nane zikipita, anacheza kama wenzake. Aliye na dawa mbili za damu au wafarini huepushwa na michezo ya kugongana na kuanguka. Maji ya bahari yanawasha mabaka yaliyopasuka, basi msuuze kwa maji yasiyo na chumvi na umpake mafuta. Punda wa kumkalisha taratibu sawa. Mbio za punda za Maulidi atazitazama ufukoni begani kwa baba yake.

Dalili gani zinikimbize hospitali usiku?

Maumivu ya kifua, lakini mtoto mdogo hasemi "kifua". Husema tumbo. Anatapika bila sababu, anapauka, anatoka jasho baridi, anapumua kwa shida, anazimia, au mchanga analia hanyamaziki. Ukiona hayo kwa mtoto aliyewahi kuugua Kawasaki, neno la kwanza mapokezi liwe "moyo". Usianze na ngozi.

Mishipa hupona?

Zaidi ya nusu ya anyurizimu hurudi upana wa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, hasa ndogo. Kubwa mno ni nadra kurudi. Hata uliorudi, ukuta wake si ule wa kuzaliwa nao, hivyo aliyekuwa na anyurizimu ya kati au kubwa hufuatwa utu uzimani. Soriasisi ya muda mrefu nayo, kwa watu wazima, huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwanangu ana sababu mbili badala ya moja. Nyumbani havutwi sigara tena hata barazani, soda ni ya Idi, na viazi karai vya jioni vimepungua, jambo ambalo baba yake bado analinung'unikia.

Na mwanao sasa?

Ana miaka mitano na nusu. Eko ya mwisho mshipa ulikuwa milimita 2.6. Anakunywa aspirini yake baada ya chai ya asubuhi, na huniletea mwenyewe kijiko. Viwiko bado vina magamba, magoti yamesafika. Kovu la BCG limelala tena. Tunarudi kliniki mwezi wa tisa, kusi ikiwa imelegea, maana kivuko cha Mokowe mwezi wa sita humtapisha, na kila akitapika mimi humshika kifua nikahesabu.